Swali la Kumi na Nne

Mwalimu Pu na Mwalimu Ruan walikuwa hawasemeshani tangu Oktoba, na meza zao zilikuwa zinatazamana. Mimi nilikaa kati yao, mgongo ukutani, na kwa miezi sita mizima nilikuwa mdomo wa wote wawili.

"Dada Mi," Ruan alikuwa akisema bila kuinua macho, "mwambie mkuu wa idara naomba ufunguo wa stoo. Nataka asidi."

Pu, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alinitazama mimi. "Mwambie binti stoo si duka la fataki."

Nami niligeuka nikamwambia, kana kwamba yeye hakusikia.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa msumari. Ruan Heqing alikuja kwetu kutoka mkoa mwingine, umri miaka ishirini na tisa, na lafudhi iliyowafanya wanafunzi wabane vicheko. Wiki yake ya kwanza alitumbukiza msumari wa chuma ndani ya maji ya buluu yenye shaba, na darasa zima likapanda juu ya madawati kuona msumari ukivaa koti jekundu. Chumba cha pili, Pu Zhenhai alikuwa akiwakaririsha wanafunzi wake maana za maneno, wote kwa sauti moja, kama alivyofanya miaka ishirini na minane. Kelele zilimshinda. Akaja akasukuma mlango, akasimama pale na kitabu mkononi.

"Sarakasi imeingia mjini?"

"Afadhali sarakasi, Mzee," Ruan akamjibu mbele ya watoto, "kuliko hayo matanga yako ya huko."

Watoto walicheka. Wengine walikuwa wa darasa la Pu mwenyewe, waliomfuata hadi mlangoni. Katika mji wetu hapakuwa na mtu aliyewahi kumcheka Pu Zhenhai. Nusu ya madaktari wa hospitali ya wilaya walipita mikononi mwake. Mimi pia. Alinifundisha kemia nikiwa na miaka kumi na mitano, na nilipomaliza chuo cha ualimu yeye ndiye aliyemwendea mkuu wa shule wa wakati ule akasema, "Huyu Mi Guizhen mlete hapa, ana kichwa." Sijawahi kumwita kwa jina. Hata nilipokuwa na miaka arobaini na moja, na meza yangu karibu na yake, nilimwita Mwalimu tu, na akiingia ofisini nilinyanyuka kidogo kitini bila kujijua.

Sasa nieleze swali lenyewe.

Mwaka wa tisa, watoto wetu wanajifunza aina nne za mimenyuko, na mimi nina namna yangu ya kuzieleza. Kuna kuungana: wawili wanakuwa kitu kimoja, ndiyo harusi. Kuna kuvunjika: kitu kimoja kinakuwa viwili, ndiyo talaka. Kuna kung'oana: mtu asiye na mwenzi anaingia katika ndoa ya watu, anamng'oa mmoja na kukaa mahali pake. Chuma kinaingia kwenye maji ya shaba, shaba inatupwa nje, ndio ule msumari wa Ruan. Na kuna kubadilishana: ndoa mbili zinakutana, kila mume anaondoka na mke wa mwenzake. Hapo huwa wanapiga kelele na kufunika nyuso kwa vitabu. Lakini hawasahau.

Halafu ninawategea. Ninaandika ubaoni: ile gesi ya mkaa, inayoua watu waliolala na jiko ndani, inapita juu ya unga wa kutu uliopashwa moto sana. Kutu inakuwa chuma kitupu, na gesi inatoka ikiwa imebeba oksijeni zaidi. "Hii ni aina gani?" Wote wanapiga kelele: kung'oana! Nami ninasema hapana. Ili ung'oe lazima uingie ukiwa peke yako. Gesi ya mkaa si mseja, ni kaboni iliyokwisha kufunga ndoa na oksijeni, na imekuja kunyang'anya oksijeni nyingine. Haimo katika zile nne. Ni mmenyuko wa kweli, viwanda vya chuma vinaishi kwa huo, lakini haumo. Mtego huu sikuubuni mimi. Niliupata kwa Mwalimu Pu, nikiwa nimekaa dawati la tatu karibu na dirisha.

Aprili ile tulifanya mtihani wa majaribio. Mwezi wa sita watoto wangefanya mtihani wa kweli, ule unaoamua nani anakwenda sekondari ya juu na nani anaanza kutafuta kiwanda cha kumchukua. Kwa mtihani wa majaribio shule ilichagua hamsini wa kwanza na kuwaweka darasa la peke yao, na walimu bora, kwa miezi miwili iliyobaki. Karatasi ya kemia aliitunga Pu. Na majibu aliyaandika Pu.

Tulisahihisha maktabani, walimu kumi na wawili wa masomo yote. Nilikuwa nimefika karatasi ya nne au ya tano Ruan aliposimama.

"Jamani, aliyeandika majibu haya alikuwa amelala?" Sauti yake ilifika hadi kwa walimu wa fizikia kule mwisho. "Swali la kumi na nne. Gesi ya mkaa na kutu. Anasema C, kung'oana! Mtoto wa mwaka wa tisa hawezi kukosea hivi."

Mtu wa fizikia akacheka. Mwingine akafuata.

Pu alichukua karatasi ya majibu akaisoma. Nilikuwa upande wake, nikamwona. Macho yake yalifika pale kwenye kumi na nne yakatulia, na shingo ikaanza kubadilika rangi kutoka kwenye kola kwenda juu. Alijua. Kalamu ilikuwa imeteleza, basi, C badala ya D, kosa la mtu aliyechoka. Angesema "loh, nimeteleza," angekata kwa kalamu nyekundu, na tungeendelea.

"Jibu ni C," akasema.

"Ni D, Mzee. Si mojawapo ya hizo nne."

"Nimesema ni C. Chuma kilikuwa na oksijeni, kimeng'olewa. Tieni alama."

"Unajua kabisa kwamba..."

"Binti, nilikuwa ninatunga mitihani wewe ukiwa unafungwa nepi. Kaa chini utie alama."

Walimu wote waliinamisha vichwa. Na mimi niliinamisha changu. Katika darasa langu, watoto thelathini na wanne walikuwa wameandika D, kama nilivyowafundisha, na nikawakata wote thelathini na wanne, alama mbili mbili, kwa mkono wangu.

Jumatatu orodha ya hamsini ikabandikwa ukutani karibu na ngazi. Kabla ya kipindi cha pili Tan Qiuyu akagonga mlango wa ofisi. Alikuwa msichana wangu, mwembamba, nywele zimekatwa kama za mvulana kwa sababu mama yake hakuwa na muda wa kuzisuka. Mama yake alikuwa mpishi wa bwalo la shule. Baba alikuwa kusini kwenye kiwanda cha viatu, anarudi mwaka mpya tu. Qiuyu alikuwa wa hamsini na moja. Alikosa kwa alama moja.

Aliweka karatasi yake mezani kwangu na kidole juu ya kumi na nne.

"Mwalimu, ulituambia haimo katika zile nne."

Nilimwona Pu akishusha gazeti. Nilimwona Ruan akiweka kalamu chini.

"Qiuyu," nikasema, "tutaliangalia."

"Lakini ulisema. Ulisema gesi ya mkaa si mseja."

"Eti si nini?" Pu akauliza. "Ndiyo kemia ya siku hizi? Mseja? Mpishi amekutuma uje uombe alama kama mtu anayeomba mchuzi?"

Qiuyu masikio yakamwiva. Ruan akainuka na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwombe radhi."

"Nani anasema na mimi?" Pu akanigeukia. "Mi, kuna mtu anasema na mimi?"

"Ninasema mimi! Umekosea, unajua umekosea, na unamtukana mtoto ili usionekane. Huoni haya? Mtu mzima na mvi zako?"

"Mwambie huyo," Pu akaniambia kwa sauti ya taratibu, "kwao wakitaka mwalimu wa kelele wamrudishe. Sisi hatukumwita."

Wote watatu wakanitazama, mtoto zaidi kuliko wengine. Nikasema, "Qiuyu, nenda darasani." Alichukua karatasi yake akaenda.

Ruan hakuliacha. Jumanne alikuwa ofisini kwa Mkuu Shang na kitabu cha serikali kimefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe, na saa nne tukaitwa mimi na Pu. Mkuu Shang alikuwa mtu wa historia, na kemia hakuitaka hata kuisikia. Alichotaka ni orodha ikae ukutani na wazazi wakae nyumbani.

"Mmoja anasema C, mmoja anasema D," akasema. "Mimi nitajuaje? Mwalimu Mi, wewe ni mtulivu, huna ugomvi na mtu. Lipi sahihi?"

Pu alikuwa amekaa mikono magotini. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia nje uwanjani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka, ngozi ya shingo imelegea kwenye kola. Nilifikiri jinsi alivyoniombea kazi. Pia nilifikiri, sitaficha, kwamba anastaafu baada ya miaka miwili na ndiye atakayeulizwa nani ashike idara.

"Swali lina utata," nikasema. "Linaweza kusomwa namna mbili."

Mkuu akashusha pumzi. "Basi. Lina utata. Orodha inabaki."

Huko nje kwenye ujia Ruan alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. "Namna mbili? Nitajie ya pili. Nitajie!" Aliuachia mkono wangu kama mtu aliyeshika kitu kichafu, na tangu siku hiyo hakuniita dada tena.

Habari zilifika jikoni, ingawa mama yake Qiuyu hakumwambia mwanawe. Alhamisi ni siku ya supu ya mizizi ya yungiyungi na mbavu, na walimu hujipanga mapema. Pu alikuwa mbele yangu. Mama Tan alisimama nyuma ya sufuria kubwa, upawa mkononi, mvuke unampanda usoni.

"Supu," akasema Pu.

"Imekwisha."

Sufuria ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Tuliiona sote, mistari mitatu ya watu.

"Nasema supu."

"Na mimi nasema imekwisha, Mwalimu. Au nayo ina utata?" Wakati huo hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi juu ya bega lake. "Na wewe, Mwalimu Mi, ya kwako nikusomee namna ngapi?"

Niliondoka na bakuli tupu. Mchana Mkuu Shang alimwita Mama Tan akamwambia wapishi wanapatikana kila mahali. Nilisikia kwamba alitoka pale akarudi kumenya vitunguu.

Ijumaa watoto wote wa mwaka wa tisa, zaidi ya mia nne, waliketi ukumbini ili Pu apitie karatasi nao. Walimu tulikaa viti vya pembeni. Alianza vizuri, maana alikuwa mwalimu mzuri akitaka: swali la kwanza, la pili, utani kidogo, chaki inakimbia. Alipofika la kumi na tatu akafuta ubao akasema, "La kumi na tano."

Qiuyu akasimama katikati ya ukumbi.

"Mwalimu, umeruka la kumi na nne."

"Kaa."

"Nataka kujua kosa langu."

"Kosa lako ni kusimama. Kaa chini."

Hakukaa. Sauti ilitoka sawa. "Kung'oana kunataka kitu kimoja kiingie kikiwa peke yake. Katika swali hakuna kilicho peke yake. Kutu ni chuma na oksijeni. Gesi ni kaboni na oksijeni. Sasa ni nani aliyeng'oa?"

Mnong'ono ukapita ukumbini. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Jibu basi, Mwalimu!" na wengine wakaguna. Pu alikuwa ameshika kifutio cha ubao, kile cha mbao chenye kitambaa. Sidhani kama alikusudia kumpiga. Ninafikiri alitaka kukitupa tu, popote, ili kelele ziishe. Kilimpata Qiuyu juu ya nyusi. Damu ikaanza kumtiririka hadi kwenye kola nyeupe ya sare.

Ruan aliruka viti. Pu alibaki jukwaani mkono bado uko hewani, uso wote mwekundu, na kwa kuwa hakujua la kufanya akapiga kelele zaidi.

"Nani amekufundisha jeuri hii? Nani?"

Qiuyu alikuwa ameziba jicho kwa kiganja. "Mwalimu Mi."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa ameulizwa, akajibu. Nikasimama. Nilipanda ngazi tatu za jukwaa, na sijui mpaka leo nilizipandaje.

"Amesema kweli," nikasema. "Jibu ni D. Mimi ndiye niliyemfundisha." Kisha nikamgeukia. "Na mimi nilifundishwa na wewe, Mwalimu. Dawati la tatu. Uliandika ubaoni, sote tukasema kung'oana, ukacheka ukatuambia hapana."

Nilidhani atavunjika pale. Lakini Pu Zhenhai hakuwa mtu wa kuanguka peke yake.

"Vizuri," akasema, na safari hii aliwaambia watoto. "Basi muulizeni Mwalimu wenu Mi, Jumanne ofisini kwa Mkuu alisema nini. Alisema ni D? Muulizeni."

Mia nne wakanitazama. Ruan alikuwa anamfunga Qiuyu kitambaa kichwani, na Qiuyu alitoa kiganja jichoni ili anione vizuri.

"Alisema nini?" akamuuliza Ruan.

"Alisema lina utata," Ruan akamjibu.

Qiuyu hakulia alipopigwa. Alilia hapo.

Jeraha lilishonwa nyuzi nne. Mkuu Shang, alipoona wazazi wanaanza kukusanyika langoni, alifuta swali la kumi na nne kwa wote na kumpa kila aliyelikosa alama zake mbili. Hakuna jina lililoondolewa. Matatu yaliongezwa chini ya orodha kwa kalamu, la kwanza likiwa Tan Qiuyu. Kwenye darasa hilo, sasa la watoto hamsini na watatu, alikaa mwisho, na wale wa mbele walimwita Utata hadi mwezi wa sita. Alifaulu. Mama yake aliacha kazi ya bwalo siku ile ile matokeo yalipotoka, kabla ya mtu kupata nafasi ya kumwachisha.

Nilikwenda kwao mara moja. Mama Tan alifungua mlango nusu, akasimama kwenye hiyo nusu. Qiuyu alikuwa nyuma yake anakunja nguo za kwenda bwenini. Kovu lilikuwa limekata nyusi vipande viwili.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Ulichelewa siku ngapi?" Mama Tan akauliza. "Hesabu mwenyewe." Akafunga mlango.

Ruan alihamishiwa shule ya milimani, saa tatu kwa basi, ambako hakuna stoo wala asidi. Barua ilisema ni mahitaji ya wilaya. Siku anafungasha vitabu nilisogea kumshikia sanduku.

"Liache."

"Heqing, nilisema. Mwishoni nilisema."

"Ulisema damu ilipotoka." Alilibeba sanduku mwenyewe, likimzidi, akigonga fremu ya mlango. "Yule mzee nilimchukia, lakini nilijua amesimama wapi. Wewe nilikuwa nakuita dada."

Pu alistaafu mapema kwa sababu za afya, ndivyo ilivyoandikwa. Septemba nikapewa idara. Hakuna aliyenipongeza, nami sikutarajia.

Alikuja Oktoba kuchukua mali zake zilizobaki kwenye kabati. Nilikuwa peke yangu ofisini. Nilinyanyuka kitini, mazoea, naye akaniashiria nikae, kwa dharau, kama anafukuza nzi. Alipanga madaftari yake kwenye mfuko wa turubai bila haraka. Alipomaliza akasimama mbele ya meza yangu.

"Ile Ijumaa ya kusahihisha, uliniona nikisoma majibu."

"Nilikuona, Mwalimu."

"Ulijua kwamba nimeona kosa."

"Nilijua."

"Jioni ile nilibaki hapa peke yangu mpaka mlinzi akaja na funguo. Ungeingia ukafunga mlango ukaniambia, mimi na wewe tu, Jumatatu ningebadilisha. Binti yule nisingempa furaha hiyo hata kwa kisu shingoni. Wewe ningekusikiliza." Akatupa mfuko begani. "Nilikungoja, mjinga wewe."

Labda ni kweli, labda alikuwa anatafuta wa kumtwika lawama. Pu alijua sana kumtwika mtu. Nilisikia hatua zake zikishuka ngazi, nzito, akipumzika kila baada ya tatu nne, na nilikuwa bado nimesimama.